Deni na Nia: Hotuba juu ya “Shall” na “Will”

Waheshimiwa walimu, wafasiri wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya maneno mawili ya Kiingereza ambayo wengi wetu tulifundishwa kama jedwali. “I” na “we” huchukua “shall”, wengine wote huchukua “will”, na ukitaka kutia mkazo unageuza. Tukakariri, tukajibu mtihani, tukasahau. Kisha tukaingia kazini, tukakutana na mikataba yenye “shall” kila mstari, na jedwali letu halikutufaa kitu, maana mle ndani hamna “I” wala “we”. Mna Mpangaji, Mwajiri, Mkopeshaji na Kampuni.

Naomba tuliache jedwali lile. Maneno haya hayakuzaliwa ili yaeleze wakati ujao. “Shall” lilikuwa neno la deni, na “will” lilikuwa neno la nia. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, “sceal” lilikuwa na maana ya nadaiwa, ninawiwa, imenipasa. Ndugu yake wa Kijerumani ni “sollen”, na katika ukoo huohuo Wajerumani wana “Schuld”, neno ambalo mpaka leo lina maana ya deni na maana ya hatia kwa pamoja. Upande wa pili, “willan” lilikuwa kutaka tu, kama “wollen” ya Kijerumani. Mabaki yake yamo katika nomino: kwa Kiingereza “will” ni hiari, ni utashi, na pia ni wosia, yaani karatasi ya kueleza marehemu alitaka nini.

Basi kila mkitatizwa na maneno haya, ulizeni swali moja: katika sentensi hii, nia ni ya nani? Kama ni ya mtendaji mwenyewe, mko karibu na “will”. Kama kuna mtu mwingine, au sheria, au Mungu, au majaliwa, aliyemwekea mtendaji jambo la kutenda, mko karibu na “shall”. Hayo mengine nitakayosema leo yanatoka hapo.

Ilikuwaje maneno ya deni na nia yakawa ya wakati ujao? Kiingereza cha kale hakikuwa na umbo la kitenzi la wakati ujao. Walitumia wakati uliopo na kumwachia msikilizaji aelewe. Haja ya kusema waziwazi ilipozidi, wakaviazima vitenzi hivi viwili. Tusiwacheke, kwa sababu na sisi tumefanya vilevile. Chukueni “atakuja”, kisha mtieni kirejeshi: “atakayekuja”. Hiyo “-taka-” imetoka wapi? Haikuongezwa na kirejeshi. Ilikuwamo tangu mwanzo, na ndiyo “taka” yetu ya kila siku, iliyofupishwa katika “atakuja” na kubaki nzima katika “atakayekuja”. Wakati ujao wa Kiswahili umejengwa kwa kitenzi cha kutaka, sawasawa na “will”. Hatuhisi utashi ndani yake tena tunaposema kesho mvua itanyesha, kwa kuwa mvua haitaki kitu. Mwingereza naye hauhisi anaposema “it will rain”. Neno likitumika sana, maana yake ya kwanza husugulika ikaisha.

Ila kwa Kiingereza haikuisha yote, na hapo ndipo ugumu ulipo. “Will” lilibaki na harufu ya kutaka, na “shall” likabaki na harufu ya kudaiwa. Watu wa karne ya 14 waliotafsiri Biblia kutoka Kilatini katika kundi la Wycliffe walikuwa na desturi ya kuweka “shall” mahali pa wakati ujao wa Kilatini, na “will” wakaliacha kwa kitenzi cha Kilatini cha kutaka. Kwao wakati ujao ulikuwa jambo lililokwisha kupangwa, na matakwa ya mtu yalikuwa habari nyingine.

Aliyeigeuza hali hii kuwa kanuni ni mtu wa hisabati. Jina lake ni John Wallis, profesa wa jiometria Oxford, huyohuyo aliyetuletea ile alama ya nane iliyolala ya kuonyesha kisicho na kikomo. Mwaka 1653 alichapisha sarufi ya Kiingereza, akaiandika kwa Kilatini ili wageni waweze kuisoma. Humo alisema hivi: katika nafsi ya kwanza, “shall” hubashiri tu, na “will” huahidi au hutisha. Katika nafsi ya pili na ya tatu ni kinyume, “will” hubashiri, na “shall” huahidi au hutisha. Mwaka 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, aliirudia kanuni hiyo katika sarufi yake iliyosomwa sana, na kutoka hapo ikaingia mashuleni, ikasafiri kwa meli, mpaka ikatufikia sisi katika umbo la jedwali.

Nilipokuwa mwanafunzi niliiona kanuni hii kama mzaha. Kwa nini neno lilelile lipinduke kwa kubadili nafsi? Lakini ukiishika deni na nia, mambo yananyooka. Nikizungumza juu ya nafsi yangu, “I will” ina maana nia ni yangu, na nia yangu nikiitamka mbele yako imekuwa ahadi, au tishio kama hunipendezi. “I shall” ina maana jambo litanipata tu, halitokani na kutaka kwangu. Sasa nikikuzungumzia wewe, “you will” inakuachia nia yako, nami nabashiri tu utakalofanya. “You shall” inakuweka chini ya nia ya mwingine, na huyo mwingine ni mimi msemaji. Ndiyo maana inatoka kama amri, au kama ahadi yangu kwako: utapata, maana mimi nimesema utapata. Kanuni ya Wallis ilikuwa ni adabu ya kugawa nia kati ya msemaji na msemwa.

Kuna kichekesho cha zamani ambacho walimu wa Kiingereza walikipenda mno. Mgeni ametumbukia mtoni, hajui kuogelea, anapiga kelele: “I will drown, nobody shall save me!” Maskini alitaka kusema kwamba anazama na hakuna wa kumwokoa. Kwa kanuni ya Wallis alichosema ni kwamba amekusudia kuzama na anamkataza mtu yeyote kumwokoa. Waungwana waliokuwa ukingoni wakaheshimu matakwa yake. Katika masimulizi mengine mgeni ni Mwairishi, katika mengine ni Mskoti, na kwa maoni yangu hapo ndipo kichekesho kinapojiumbua. Waairishi na Waskoti hawakuwa wageni wa Kiingereza. Walikuwa wakikisema tangu utotoni, isipokuwa kwao kanuni hii haikuwapo. Ilikuwa desturi ya kusini mwa Uingereza iliyopandishwa cheo ikaitwa sarufi. Ndugu wawili wa familia ya Fowler, katika kitabu chao cha 1906 kiitwacho The King’s English, walikiri jambo hilo bila aibu: matumizi haya humjia Mwingereza wa kusini kwa maumbile, nao wasiozaliwa nayo ni vigumu kuyapata. Kisha wakaendelea kuyaeleza kurasa kwa kurasa.

Hata hivyo si haki kusema kanuni ile ilikuwa hewa. Iko mahali imefuatwa kwa uzuri mkubwa. Tazameni Katiba ya Marekani ya mwaka 1787. Kila inapoweka jambo juu ya mtu au chombo, inasema “shall”. Rais atashika madaraka kwa miaka minne, ni “shall”. Bunge lisitunge sheria ya kuzuia uhuru wa kusema, katika rekebisho la kwanza, ni “shall”. Lakini katika ibara ya pili mmewekwa kiapo cha Rais, maneno ambayo anayatamka kwa kinywa chake, na hapo neno linabadilika: “I will faithfully execute the Office of President”. Katiba inamwekea wajibu kutoka nje kwa “shall”, naye akiinua mkono anautoa wajibu huohuo kutoka ndani kwa “will”. Sisi tuna msemo, ahadi ni deni. Katika hati ile ahadi ina kitenzi chake na deni lina kitenzi chake.

Abraham Lincoln alipomaliza hotuba yake ya Gettysburg mwaka 1863, alisema serikali ya watu, iliyowekwa na watu, kwa ajili ya watu, “shall not perish”. Angesema “will not”, angekuwa anabashiri kama mtabiri wa hali ya hewa. Kwa “shall” katika nafsi ya tatu, alikuwa anaweka nadhiri kwa niaba ya walio hai: haitapotea, maana sisi hatutaruhusu.

Ndoa nayo. Katika kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza, kasisi anamwuliza bwana arusi “Wilt thou have this woman to thy wedded wife?” na jibu lake ni “I will”. Wengi hudhani anaulizwa habari za kesho. Anaulizwa habari za sasa hivi: je, unataka? Ni “will” ya zamani, ile ya nia tupu, na jibu lake kwa Kiswahili safi ni “Nataka” au “Naam, kwa hiari yangu”. Aliyelitafsiri kwa “Nitafanya” amempeleka bwana arusi pasipo na njia.

Na amri kumi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema “Thou shalt not kill”. Nafsi ya pili, “shall”, nia ni ya Mungu. Waliotutafsiria Biblia ya Kiswahili hawakuandika “hutaua”. Wangeandika hivyo amri ingegeuka utabiri, na tena utabiri uliokwisha kushindwa. Waliandika “Usiue”. Neno moja, lenye kiishio cha “-e” ambacho kwetu ndicho hasa chombo cha kubebea nia ya mtu mmoja juu ya tendo la mwingine. Vivyo hivyo “Thou shalt love thy neighbour” ni “Mpende jirani yako”. Nawasifu wazee wale. Waliona kwamba “shalt” halikuwa wakati ujao hata kidogo, miaka mingi kabla wafasiri wa mikataba hawajaanza kuandika “atalipa” kila wanapokutana na “shall”. Nitarudi kwenye hilo.

Sasa upande wa pili. Tarehe 4 Juni 1940, wanajeshi wa Uingereza wakiwa wametoka kuokolewa Dunkirk, Winston Churchill alisimama bungeni akasema “we shall fight on the beaches”, akaendelea, tutapigana viwanjani, tutapigana mashambani na mitaani, akafikia “we shall never surrender”. Nafsi ya kwanza wingi, na “shall” moja baada ya nyingine. Kwa kanuni ya Wallis hotuba ile ni utabiri mtupu, Waziri Mkuu anawaarifu wabunge kwamba huenda mapigano yakatokea ufukweni. Je, kuna aliyeisikia hivyo? Tarehe 20 Machi 1942, Jenerali Douglas MacArthur, aliyekuwa ameondoka Ufilipino kwa amri, alisema akiwa Australia Kusini “I shall return”. Hakuwa akibashiri. Aliapa, na Oktoba 1944 akashuka Leyte, kisiwa cha Ufilipino.

Mnaweza kusema walikosea. Mimi nasema walitoboa chini ya kanuni wakafika kwenye mzizi. Mtu akisema “I will”, nia ni yake, na nia ya mtu hubadilika. Akisema “I shall” kwa sauti ile, anajitangaza mdaiwa. Amefungwa na kitu kikubwa kuliko matakwa yake, taifa, historia, au neno la heshima alilokwisha kulitoa, na hana ruhusa ya kughairi. Tena kufikia wakati ule “will” lilikuwa limechakaa kwa matumizi ya kila saa, hali “shall” limebaki katika Biblia na katiba. Limebeba uzito wa kule lilikokaa.

Wimbo wa wapigania haki za Weusi wa Marekani unatufundisha zaidi. Wafanyakazi wa kiwanda cha tumbaku waliogoma Charleston mwaka 1945 hadi 1946 waliuimba “We Will Overcome”. Ulipofika Highlander, shule ya kuwafunza wanaharakati huko Tennessee, na kupita mikononi mwa mwimbaji Pete Seeger, “will” likawa “shall”. Seeger mwenyewe hakutoa sababu ya sarufi. Alisema “shall” linafungua mdomo vizuri zaidi. Jaribuni hapohapo mlipoketi. “Wil” inabana midomo na kukwamia mbele ya ulimi. “Shal” inaachia taya. Watu elfu wakiimba uwanjani wanahitaji irabu ya kusimama juu yake. Tarehe 15 Machi 1965 Rais Lyndon Johnson aliyarudia maneno hayo mbele ya Bunge akidai sheria ya haki ya kupiga kura, na sijui mtu aliyesimama kumwuliza kama anabashiri au anaahidi.

Katika mazungumzo ya kawaida vita vimekwisha zamani. Mwaka 1925 Charles Fries, mwanaisimu wa Marekani, alipekua tamthilia za Waingereza na za Wamarekani, akakuta kanuni ya shule haifuatwi, na “will” ndilo linalotawala hata katika nafsi ya kwanza. Isitoshe, watu husema “I’ll”, na ndani ya kifupisho kile hakuna anayesikia tofauti. Wanafunzi, kama mnasema juu ya kesho, semeni “will” au kifupisho chake, mlale usingizi.

Pamoja na hayo kuna kona moja ya mazungumzo ambayo “shall” haijang’oka: maswali ya nafsi ya kwanza. “Shall I open the window?” “Shall we go?” Hapa hatuulizi kitakachotokea. Tunamkabidhi msikilizaji nia yetu, tunamwambia aamue yeye. Kiswahili kinalijua jambo hili kwa undani, na kinalisema kwa “-e” ileile ya “Usiue”: “Nifungue dirisha?” “Twende?” Mkimfundisha mtoto kwamba “shall I” ni “nita-”, mmempoteza. “Nitafungua dirisha?” ni swali la mtu aliyekwenda kwa mganga kuulizia bahati yake. Mwairishi, kwa taarifa yenu, atawaambia “Will I open the window?” na hajakosea kwa Kiingereza chake.

Nimefika penye uzito, yaani maandishi ya sheria, na hapa nitakaa kidogo.

Kama “shall” lingekuwa na maana moja ya wajibu katika sheria, tusingekuwa na neno la kusema. Shida ni kwamba waandishi wa sheria walilipenda mpaka wakalimwaga kila mahali. Katika hati moja utakuta “shall” ya kumwekea mtu wajibu, “shall” ya kutoa haki, “shall” ya kueleza maana ya istilahi, na “shall” ya kusema hati itaanza kutumika lini. Hatimaye majaji wenyewe wakachoka. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Lamagno, ilisema kwamba kwa kawaida “shall” ni sawa na “must”, lakini wanasheria wakati mwingine hulitumia, au hulitumia vibaya, kwa maana ya “should”, ya “will”, na hata ya “may”. Fikirini neno la lazima ambalo linaweza kuwa ruhusa.

Hayo si mambo ya darasani. Katika jimbo la Colorado sheria ilisema askari “shall” atumie kila njia ya busara kutekeleza amri ya mahakama ya kumzuia mtu kuwakaribia wengine, na ilisema “shall arrest”, au kama haiwezekani aombe hati ya kukamata. Mwaka 1999, katika mji wa Castle Rock, baba aliyekuwa chini ya amri kama hiyo aliwachukua binti zake watatu. Mama yao aliwapigia polisi simu tena na tena. Hawakumtafuta yule baba, na watoto wakauawa. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2005 majaji saba dhidi ya wawili waliamua kwamba maneno yale hayakuwanyang’anya polisi desturi yao ya kujiamulia, na kwa hiyo mama hakuwa na haki ya kikatiba ya kudai amri itekelezwe. Mimi naona majaji wawili waliopinga ndio waliosoma neno kama lilivyoandikwa. Lakini hoja yangu ni kwamba majaji saba wasingepata nafasi hiyo kama neno lisingekuwa limelegea kwa kutumiwa ovyo miaka mia mbili.

Kwa sababu kama hizo, wengi waliamua kulistaafisha. Katiba ya mpito ya Afrika Kusini ya mwaka 1993 ilijaa “shall”. Katiba ya kudumu ya mwaka 1996 inatumia “must” kwa wajibu, na penye haki inasema kila mtu “has” haki, si “shall have”. Marekani, kanuni za mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho ziliandikwa upya mwaka 2007, na “shall” likafagiliwa: penye lazima pakawekwa “must”, penye ruhusa “may”, na penye ushauri “should”. Kisha ikatokea ajabu. Katika kanuni ya 56, juu ya hukumu ya kesi isiyohitaji kusikilizwa kikamilifu, waliweka “should”. Wanasheria wakalalamika kwamba uamuzi wa miaka mingi ulikuwa umejengwa juu ya neno la zamani na hakuna jipya linalolingana nalo. Mwaka 2010 “shall” likarudishwa pale. Neno lina utata, na utata wake ulikuwa umeshalipiwa kodi.

Mafundi wao wamekwenda njia yao. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, limeagiza kwamba “shall” ni sharti, “should” ni pendekezo, “may” ni ruhusa, na linawakataza waandishi wake kutumia “must” badala ya “shall”. Kinyume kabisa cha wanasheria! Watunga kanuni za intaneti, katika hati iliyoandikwa na Scott Bradner Machi 1997, walisema “must” na “shall” ni kitu kimoja, na “should” ni jambo unaloweza kuliacha ukiwa na sababu nzuri na ukijua matokeo yake. “Will” halimo katika orodha yao. Mashine haina nia.

Nimelitaja “should” mara kadhaa bila kulitambulisha. Ni mtoto wa “shall”, umbo lake la wakati uliopita, kama “would” lilivyo la “will”. Deni limo bado, ila mdai amelegeza kamba. Jinsi alivyolegeza ilionekana Paris tarehe 12 Desemba 2015. Makubaliano juu ya mabadiliko ya tabianchi yalikuwa tayari kupitishwa, na katika ibara ya 4, aya ya 4, rasimu ya mwisho ilisema nchi zilizoendelea “shall” ziendelee kuongoza katika kupunguza gesi zao. Wamarekani walipoiona wakasema hawawezi kuikubali. Kwa neno lile wajibu ungekuwa wa kisheria, na makubaliano yangebidi yapite katika Baraza la Seneti, ambako yasingepita. Kikao kikachelewa. Mwishowe ofisa wa sekretarieti akasoma orodha ya masahihisho madogomadogo, na katikati ya orodha hiyo “shall” likawa “should”, kana kwamba mpiga chapa ndiye aliyeteleza. Laurent Fabius, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa aliyekuwa akiongoza mkutano, akagonga nyundo yake, ukumbi ukashangilia. Someni aya ya 2 ya ibara hiyohiyo: kila nchi “shall” iandae na iwasilishe mchango wake. Kuandaa ni deni. Kuongoza ni nasaha.

Sasa kwetu wafasiri. Mmoja wenu amenipa karatasi kabla sijaanza kusema, anauliza kama “shall” ya mkataba iwe “-ta-” au iwe kitu kingine. Sheria nyingi zilizoandikwa kwa Kiswahili zina “-ta-”, “kutakuwa na Baraza”, na hiyo siipingi: chombo kinaanzishwa, hakuna mtu anayedaiwa. Penye mdaiwa mambo ni tofauti. “The Tenant shall pay rent” ukiandika “Mpangaji atalipa kodi” umeeleza mpango wake. Andika “Mpangaji sharti alipe”, au “Mpangaji anawajibika kulipa”. Lakini “this agreement will end” ni “mkataba huu utakwisha”, kwa kuwa mkataba hauna wajibu, una tarehe tu.

Penye ukanushi mjihadhari zaidi. “The Tenant shall not sublet” si “Mpangaji hatapangisha”, ni “asipangishe” au “haruhusiwi kupangisha”. Wala si “halazimiki kupangisha”, kosa ambalo nimeliona likichapwa katika hati iliyotiwa saini: pale marufuku yaligeuka hiari kwa silabi chache. Na mkikuta “every member shall have the right”, msihangaike kutafuta sharti wala wakati ujao. Hakuna anayedaiwa, hakuna anayengojewa. Andikeni “kila mwanachama ana haki”, mwendelee na kifungu kinachofuata.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Karibuni kwa maswali.